Kokwa za zeituni kwenye jiko la kupashia joto nyumba: zinafaa, au zinaua jiko?

Zuwena_K (mleta uzi)
Wakuu, habari za humu. Nina jiko la peleti (vile vijiti vya unga wa mbao ulioshindiliwa) la kupashia joto nyumba, lile la kujiwasha lenyewe: tangi kwa juu, parafujo ya kulishia, feni, kioo mbele. Peleti za mbao zikiadimika katikati ya baridi, watu wananisifia kokwa za zeituni. Eti zinawaka vizuri, majivu kidogo, na ni mabaki tu ya viwanda vya mafuta. Ila kila ninayemuuliza ana lake. Mmoja kasema mimina tu, jiko halijui tofauti. Mwingine kasema ukimimina umeliua. Naomba mafundi na waliowahi kuzitumia mnieleweshe. Joto lake likoje ukilinganisha na peleti? Jiko langu litazikubali? Na nitajuaje kama mzigo ni mzuri kabla sijaubeba?

Baridi_Kali
Swali zuri. Naweka kambi hapa, ngoja waje wenyewe.

Moto_Ni_Moto
Mimina dada. Kinachowaka kinawaka. Hao wanaotisha watu wanauza peleti.

Fundi_Dohani
Siuzi peleti, mkuu. Nasafisha dohani na kufungua haya majiko yakigoma.

Mleta uzi, kokwa ni kuni nzuri sana, ila mwenye neno la mwisho ni jiko. Kwa upande wa joto hakuna ubishi mkubwa. Kilo moja ya kokwa zilizokauka hadi unyevu wa asilimia 12 hivi inatoa karibu kWh 4.4 (kWh ni uniti ya nishati, kama zile za umeme). Peleti nzuri ya mbao ni 4.7 au 4.8. Kwa ujazo ndiyo kabisa hazijaachwa nyuma, mita moja ya ujazo inabeba kilo 700 hivi. Anayetoka kwenye mafuta ya kupashia joto ahesabu kwamba lita moja ya mafuta ni karibu kWh 10, basi itachukua nafasi yake kilo mbili na robo za kokwa.

Shida iko kwenye umbo. Peleti ni kijiti kilichoshindiliwa, kipenyo chake milimita 6. Kokwa za kiwandani haziji nzima. Zeituni husagwa pamoja na kokwa zake, kisha vipande vya kokwa ndiyo vinatenganishwa na rojo. Unachopokea ni punje ndogo, nyingi za milimita 2 hadi 4. Sasa nenda kaangalie kikombe cha kuchomea cha jiko lako. Yale matundu ya hewa yamepimwa kwa ajili ya peleti. Punje zinapenya, zinaangukia droo ya majivu zikiwa bado hai. Nimewahi kuvuta droo ambayo juu ilikuwa kijivu kitupu, imepoa, ukiigusa kwa kiganja huhisi kitu. Kuchokonoa kidogo kwa bisibisi, chini makaa mekundu. Na pembeni ndoo ya plastiki ilikuwa tayari imewekwa kusubiri hayo majivu.

Kuna na parafujo. Ile mota haipimi uzito. Inazunguka sekunde kadhaa, inapumzika, inazunguka tena, na kila mzunguko unasukuma ujazo fulani. Peleti huacha mapengo katikati yake, punje ndogo zinajaza kila upenyo. Kwa hiyo kwa mpangilio uleule jiko linaweza kulishwa kuni nyingi kuliko hewa inayopewa. Utaiona kwenye kioo kwanza: kinakuwa cheusi ndani ya saa chache. Mwali unarefuka na kuwa wa chungwa iliyokolea, ncha yake inatoa moshi. Halafu kikombe kinaanza kufurika, na kikifurika hadi kugusa mrija wa kulishia, moto umepata njia ya kurudi tangini.

Kuwasha nako. Kokwa ni ngumu, zinashika moto taratibu. Jiko linasubiri joto la moshi lipande ndani ya dakika lilizopangiwa. Lisipopanda, linatangaza hitilafu na kujizima. Hapo ndipo watu wanabonyeza kuwasha tena bila kufungua. Kikombe kina lundo la awali, sasa linaongezwa lundo jingine juu, linafuka tu bila mwali, gesi inajaa chumba cha moto, kisha inashika yote kwa mkupuo. Mlango unatikisika, na kioo kinaweza kupasuka. Jiko lolote likishindwa kuwaka, liwe la peleti au la kokwa, kikombe kinamwagwa kwanza ndipo unabonyeza tena.

Moto_Ni_Moto
Fundi unatutisha bure. Hispania wanachoma kokwa miaka nenda rudi, mbona nyumba hazijaisha?

Fundi_Dohani
Wanachoma, ndiyo. Uliza wanachomea nini. Wengi wanachomea boila zenye kichomeo cha kuhimili kuni za majivu tofautitofauti, au majiko yaliyotengenezwa toka mwanzo kwa kokwa: kikombe chenye matundu madogo, mpangilio wake wa hewa, na kwenye menyu unachagua kuni unayotumia. Jiko la namna hiyo sina ubishi nalo. Mimi nazungumzia jiko la peleti la kawaida, ndilo aliloulizia dada.

Mzeituni_Mkongwe
Niongezee hapo, maana suala la Hispania watu wanalitaja juujuu.

Mkoa wa Jaén, kule Andalusia, ndio unaoongoza duniani kwa mafuta ya zeituni, kwa hiyo kokwa ziko nyingi kupita kiasi. Na mteja wa kwanza ni kiwanda chenyewe: rojo la zeituni linatakiwa lipashwe moto kidogo wakati wa kukorogwa ili mafuta yajitenge, maji ya kulipashia yanachemshwa kwa boila inayokula kokwa zilezile. Kinachobaki ndicho kinachouzwa kwa majengo na majumba.

Toka mwanzo wa miaka ya 1990 viwanda vingi vya kule vilihamia mashine zinazotoa mafuta upande mmoja na rojo lenye maji mengi upande wa pili. Hilo rojo lina maji zaidi ya nusu ya uzito wake, halichomeki hivihivi. Ndiyo sababu kokwa hutolewa humo kwa mashine, zinakaushwa, zinachekechwa kuondoa vumbi na vipande vya nyama ya zeituni. Kokwa iliyopita hatua hizo zote na iliyoruka mojawapo ni kuni mbili tofauti kabisa, hata kama zote zimefungwa kwenye mfuko unaofanana. Hispania wana hadi kiwango cha taifa cha kokwa peke yake, UNE 164003 cha mwaka 2014, chenye madaraja A1, A2 na B. Daraja A1 haliruhusu unyevu kupita asilimia 12.

Na si jambo jipya. Wanaakiolojia wanaofukua miji ya Warumi wanakuta kokwa zilizoungua kwenye matanuri. Yordani na Lebanoni hadi leo watu wanashindilia makapi ya zeituni kuwa magogo ya kuchoma majira ya baridi, wanayaita jifti.

Zuwena_K (mleta uzi)
Asante Fundi, asante Mzeituni. Kwa hiyo makapi na kokwa ni kitu kimoja au? Maana kuna mtu ana mzigo mweusimweusi, anasema ni kokwa pia.

Maabara_Ndogo
Si kitu kimoja, na hapo ndipo majiko mengi yanapofia.

Kokwa safi ni mbao ngumu tu. Majivu yake ni chini ya asilimia 1. Choma tani moja, unatoa kilo 7 au 8 za majivu. Makapi yana ngozi na nyama ya tunda ndani yake, majivu yanaweza kufika asilimia 5 na kupita. Tani ileile, kilo 50. Jiko dogo lenye droo ya majivu ya ukubwa wa kitabu haliwezi kubeba hiyo kazi.

Lakini wingi wa majivu ni nusu ya habari. Nyama ya zeituni ina potasiamu nyingi, na potasiamu inashusha joto ambalo majivu yanayeyuka. Ikikutana na mchanga inakuwa mbaya zaidi, maana potasiamu na silika (ndiyo mchanga wenyewe) zikiungana zinayeyuka mapema kuliko kila moja ikiwa peke yake. Mchanga unatoka wapi? Zeituni zilizookotwa chini badala ya kuchumwa mtini zinakuja na udongo. Basi majivu ya mbao safi yanabaki unga hata kikombe kikiwa chekundu, ila haya yanayeyuka na kuganda kama sukari guru chini ya kikombe. Yanaziba matundu ya hewa. Moto ukikosa hewa chini unawaka vibaya, unaongeza masizi, na jiko linaendelea kulisha kwa sababu halijui kilichotokea.

Ukikuta jiwe la kahawia linalong'aa ndani ya kikombe, lenye vitundu, usilaumu fundi wala feni. Laumu mzigo.

Huo mweusimweusi sikuoni ukiupeleka kwenye jiko la sebuleni.

Baridi_Kali
Mimi nina swali la kijinga kidogo. Kokwa za zeituni tunazokula mezani, nikizikusanya?

Maabara_Ndogo
Acha. Zile zimekaa kwenye maji ya chumvi. Chumvi ina klorini, ikiungua inatoa gesi inayokula chuma, kuanzia kikombe hadi bomba la moshi. Halafu ni nzima, zina ncha, zinakwama kwenye parafujo. Na hata familia inayopenda zeituni namna gani haifikishi za kupasha chumba jioni moja.

Baridi_Kali
Hahaha, sawa, nimeelewa. Nitupe tu.

Jiko_La_Zamani
Na sisi wenye majiko ya kuni ya kawaida, yale ya kutia magogo kwa mkono? Hatuna parafujo wala feni ya kugoma.

Fundi_Dohani
Kwenu ndiyo sitaki kusikia mtu akimwaga koleo la kokwa juu ya makaa. Gogo lina nafasi pembeni, hewa inapita. Kokwa zikimwagwa zinajipanga na kuwa tabaka zito, hewa haipenyi. Makaa ya chini yanazichoma bila mwali, moshi mzito unajaa, ukifungua mlango kuchungulia unaupa hewa kwa mkupuo na mwali unakurukia usoni.

Vipo vikapu vya chuma vyenye matundu vya kuweka ndani ya jiko la kuni, hewa ikipita chini na pembeni. Vinasaidia, kama hujazi hadi juu na kama mtengenezaji wa jiko hakatazi. Ila moto wake huwezi kuupunguza kirahisi ukishashika, utawaka mpaka uishe. Kwa jiko la magogo mimi ningebaki na magogo.

Nusu_Kwa_Nusu
Wakuu mbona hakuna anayetaja kuchanganya? Mimi nachanganya peleti na kokwa, peleti zikiwa nyingi, na jiko linawaka bila shida. Kuwasha kunakuwa rahisi kwa sababu peleti zinashika kwanza.

Fundi_Dohani
Kuchanganya kunapunguza tatizo la kuwasha, nakubali. Ila angalia tangi likikaribia kuisha. Punje ndogo zinateremka katikati ya peleti na kukusanyika chini, kwa hiyo huo mchanganyiko uliopima juu sio unaofika kwenye parafujo. Saa moja jiko linakula karibu peleti tupu, saa nyingine karibu kokwa tupu, na hewa ni ileile uliyopanga. Droo yako ya majivu unaiona ina punje ambazo hazijaungua?

Nusu_Kwa_Nusu
Zipo. Si nyingi sana.

Fundi_Dohani
Basi matundu ni makubwa kwa kokwa. Ndoo ya chuma yenye mfuniko, na majivu yakae humo siku nzima nje ya nyumba kabla hujayamwaga popote.

Pima_Kwanza
Naona tumeongea hatari vya kutosha. Kwa mwenye jiko ambalo kitabu chake kinaruhusu kokwa, kazi iliyobaki ni kupima, na vifaa viko jikoni.

Unyevu: chukua gramu 100 za kokwa, tandaza kwenye sinia, ingiza kwenye oveni joto la nyuzi 105. Toa, pima, rudisha, hadi uzito uache kushuka. Zikibaki gramu 88, unyevu ni asilimia 12, uko vizuri. Zikibaki 72, mzigo una asilimia 28 ya maji, na hapo kilo moja inakupa kWh 3.5 tu badala ya 4.4. Umelipia maji, halafu unalipa tena kwa joto la kuyafanya yawe mvuke. Mzigo kama huo ukiurundika utaota ukungu pia.

Vumbi: chekecha kiasi kwenye chujio la unga. Zikipita nyingi na kuacha rundo la unga mezani, achana nazo. Vumbi linajikusanya chini ya tangi, likichanganyika na mabaki ya mafuta linashikamana na parafujo. Mabaki ya nyama nayo yanaonekana: sugua kiganja cha kokwa kwenye karatasi nyeupe. Kokwa safi inaacha vumbi la kahawia hafifu. Ikiacha doa la mafuta na vijiganda vyeusi, kumbuka alichosema Maabara kuhusu potasiamu.

Sasa jiko lenyewe. Tuseme ni la kW 8 na ufanisi wake asilimia 90. Kwa saa linahitaji kuni za karibu kWh 8.9. Ukigawa kwa 4.4 unapata kilo 2 za kokwa. Kwa peleti za 4.8 ni kilo 1.85. Jiko likiwa baridi na limezimwa moto, tumia ule mpangilio wa kulisha kwa mkono, acha parafujo iangushe kokwa kwa dakika 10 kwa mwendo uleule wa nguvu ya juu, kusanya na upime. Zidisha kwa 6. Ukikuta kilo 2.6, unajua kwa nini kioo kinakuwa cheusi, na unajua upunguze mlisho kiasi gani kabla hujagusa feni. Watu wanakimbilia feni kwanza. Feni ikizidi inapeperusha punje nyepesi zikiwa hazijaisha kuungua, na joto linakimbilia dohani.

Zuwena_K (mleta uzi)
Pima_Kwanza umenifungua macho. Hii ya oveni nitaifanya hata kwa peleti zangu.

Mwanga_Kijani
Hivi hakuna anayezungumzia mazingira? Ni mabaki, mti haukatwi, kaboni inayotoka ni ileile mzeituni ulioivuta hewani. Kwangu hiyo inatosha kuzipendelea.

Maabara_Ndogo
Upande wa kaboni uko sahihi, mradi hazijasafirishwa nusu ya dunia. Aliye karibu na viwanda anachoma mabaki, aliye mbali anachoma na dizeli ya lori juu yake. Ila jirani yako havuti kaboni pekee, anavuta na chembechembe za moshi. Kokwa kavu kwenye boila iliyorekebishwa moshi wake ni mdogo. Kokwa mbichi kwenye jiko lisilo lake, hata ziwe mabaki namna gani, mtaa mzima utajua. Na ile harufu ya mafuta yaliyoungua haifichiki.

Jiko_La_Zamani
Majivu yake yanafaa bustanini?

Maabara_Ndogo
Yanafaa kwa kiasi, potasiamu mimea inaipenda. Nyunyiza kidogo tu, maana yanapunguza sana asidi ya udongo. Usiweke kwenye mimea inayopenda udongo wenye asidi.

Stoo_Yangu
Natumia boila ya kokwa, iko chumba cha chini, stoo imepakana nayo. Kuna la kuangalia?

Fundi_Dohani
Hewa. Peleti za mbao zikirundikwa kwenye stoo iliyofungwa zinatoa zenyewe kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, bila moto wowote, na Ulaya wapo watu waliofia humo kwa kuingia tu kuangalia mzigo. Kokwa zina mabaki ya mafuta juu yake, kwa hiyo sioni sababu ya kuziamini kuliko peleti. Stoo iwe na matundu ya kupitisha hewa yanayotoka nje. Fungua mlango, subiri, ndipo uingie, na mtu mwingine ajue uko ndani. Kengele ya kaboni monoksaidi iwe chumba cha boila na nyingine karibu na vyumba vya kulala.

Dohani yako mara ya mwisho imesafishwa lini?

Stoo_Yangu
Kabla ya msimu huu kuanza.

Fundi_Dohani
Vizuri. Kwa kokwa, katikati ya msimu pia fungua kifuniko cha chini cha bomba uangalie. Masizi makavu ya unga yanafutika. Ukikuta utando mweusi unaong'aa na kunata, moto unakosa hewa au kuni ina maji. Usisubiri mwisho wa msimu.

Zuwena_K (mleta uzi)
Wakuu, nimekitoa kitabu cha jiko kabatini. Kwenye ukurasa wa kuni imeandikwa peleti za mbao za milimita 6 peke yake, na chini yake kwamba kuni nyingine yoyote inafuta dhamana. Kwenye menyu hakuna sehemu ya kuchagua kuni. Kikombe nimekipima, matundu yake ni milimita 4 kasoro.

Moto_Ni_Moto
Dhamana ikiisha je?

Fundi_Dohani
Matundu hayapungui dhamana ikiisha, mkuu.

Dada Zuwena, kwa jiko hilo baki na peleti, nunua za msimu mzima kabla baridi haijaanza ili usikwame. Siku ya kubadilisha jiko, mwambie muuzaji akuoneshe kwa maandishi kwamba kokwa za zeituni zimetajwa kwenye kuni zinazoruhusiwa, akufungulie kikombe ukione kwa macho, na uulize vipuri vya hicho kikombe vinapatikana wapi. Kwa kokwa ndicho kinachochakaa kwanza.

Zuwena_K (mleta uzi)
Nimekuelewa fundi. Yule wa mzigo mweusimweusi ndiyo nampigia sasa hivi kumwambia asilete.